Mauaji ya Umati na Sungusungu: Gusii Inahitaji Hesabu Mbili

Mei 2008, daftari moja la shule lilitosha kuua watu 11. Ilidaiwa limeokotwa katika shule ya msingi ya wilaya ya Kisii ya wakati ule. Ilidaiwa kwamba ndani mna kumbukumbu za mkutano wa wachawi, tena pamoja na majina ya watakaorogwa. Habari ikapita mdomo kwa mdomo, vijana wakakusanyika, wakaingia boma kwa boma. Walipomaliza, wanawake 8 na wanaume 3 walikuwa wameteketea. Taarifa za siku hizo ziliuweka umri wao kati ya miaka 80 na 96.

Miaka 13 baadaye, Oktoba 17, 2021, jambo lile lile lilitokea Marani, kaunti ya Kisii. Safari hii waliouawa walikuwa wanawake 4 wenye umri mkubwa, na tuhuma ilikuwa ile ile ya uchawi. Ukiyajumlisha matukio hayo mawili unapata maiti 15, na 12 kati yao ni wanawake. Hiyo ni asilimia 80. Msomaji aishike tarakimu hiyo, maana ndiyo inayopotea kila tunapoandika habari hizi kwa haraka.

Tunaziandika hivi. Mwizi wa pikipiki akipigwa mawe na kutiwa tairi pale Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unaupasua katikati, gazeti husema ameuawa na wananchi wenye hamaki. Sungusungu wakimtoa mtu kitandani saa nane za usiku, wakamhukumu na kumwua, husemwa kwamba watu wamejichukulia sheria mkononi. Nyanya wa miaka 90 akichomwa ndani ya nyumba yake ya mabati, maneno ni yale yale, hamaki na sheria mkononi. Vifo vitatu vya sababu tatu, na vyote vinaingia katika fungu moja la haki ya umati.

Nashikilia kwamba ni lazima vitenganishwe, walau katika makundi mawili, na kwamba Gusii, yaani Kisii na Nyamira, inalipa gharama kubwa kwa kutovitenganisha. Mauaji ya umati na ulinzi wa sungusungu vina wauaji tofauti na wahanga tofauti. Pesa zinazovihusu zinapita njia tofauti, na kinachoweza kuzuia kimoja hakizuii kingine.

Sungusungu wana orodha, umati hauna

Sungusungu kwa Kiswahili ni wale chungu weusi wanaouma, wanaotembea kwa safu. Jina lilichaguliwa vizuri. Kundi hili lilianza Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa upande wa Kahama, wakati wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi na bunduki zimezagaa baada ya vita vya Uganda. Serikali ya Tanzania iliwapokea, hata ikawaingiza katika sheria za mgambo mwaka 1989. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtindo huo ulikuwa umeshavuka mpaka na kuingia kwa Wakuria wa Kenya, na Gusii nako ukapata wafuasi. Mwanzoni uliitwa ulinzi wa jamii, na wengi waliupokea kwa shukrani, kwa sababu polisi walikuwa mbali na wezi walikuwa karibu.

Hawakuwa wa kwanza. Wagusii tayari walikuwa na Chinkororo, jeshi la vijana la kulinda mipaka dhidi ya wezi wa mifugo, lililofufuka katika mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na likatajwa tena katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hasa kwenye mpaka wa Borabu na Sotik upande wa Nyamira.

Vikundi hivi vina viongozi, wanachama, zamu za usiku na michango. Vinamwita mtu, vinamsikiliza au vinajifanya kumsikiliza, vinatoza faini, vinarudisha ng'ombe au redio iliyoibwa, na wakati mwingine vinaua. Kesho yake wale wale wapo, kijiji kile kile, na kila mtu anawajua kwa majina.

Umati huzaliwa kwa nduru na hufa moto unapozimika. Hauna mwenyekiti wala mweka hazina, wala haukusanyiki tena Jumamosi ijayo kujadili ulichofanya. Wengi wanaousimamisha hawakuamka asubuhi wakiwa na nia ya kuua, na jioni wanarudi shambani kuchuma majani chai. Kinachowatofautisha na sungusungu ni muda na muundo. Ukatili hauwatofautishi, kwa kuwa ni mkubwa pande zote mbili, wala idadi ya wauaji haiwatofautishi.

Wamarekani walipambana na swali hili kabla yetu, na tarakimu zao zinatufaa. Huko San Francisco, mwaka 1851 na tena mwaka 1856, wafanyabiashara waliunda kamati za ulinzi zenye katiba zilizoandikwa na wanachama walioandikishwa. Kamati ya kwanza ilinyonga watu 4, na ya pili ikanyonga wengine 4. Wote 8 walikuwa wanaume waliotuhumiwa kwa uhalifu, na majina ya viongozi wa kamati yalijulikana na kila mtu mjini.

Mambo ya Kusini mwa Marekani yalikuwa mengine kabisa. Chuo cha Tuskegee, Alabama, kiliorodhesha watu 4,743 waliouawa na umati kati ya 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa Weusi. Mwaka 1940 wahesabuji hao walikubaliana juu ya kipimo: kuwe na ushahidi kwamba mtu ameuawa, kinyume cha sheria, na kundi la watu 3 au zaidi, kwa kisingizio cha haki, rangi au mila. Tazama vizuri neno hilo la mwisho. Kipimo kilichotungwa Alabama kwa ajili ya vifo vya Weusi kinaingia Marani bila kubadilishwa herufi. Kundi lilizidi watatu, na mila ilitajwa kuwa sababu.

Ukubwa wa jambo

Kwa mwaka 2011, polisi wa Kenya walihesabu watu 543 waliouawa na umati nchini. Gawa kwa siku 365, unapata vifo 3 kila siku mbili. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu Wakenya 38,610,097, kwa hiyo ni karibu mtu 1.4 kwa kila watu 100,000.

Weka hapo kando mwaka 1892, mwaka mbaya kuliko yote katika orodha ya Tuskegee, ambapo watu 230 waliuawa. Marekani ilikuwa na watu milioni 63 hivi, yaani kiasi cha mtu 0.37 kwa kila 100,000. Vipimo vya nchi hizi mbili havilingani kabisa, kwa kuwa Tuskegee ilitegemea sana magazeti na Kenya ilitegemea vituo vya polisi. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuweza kufunikwa na tofauti ya vipimo. Mwaka wa kawaida Kenya, ambao hakuna aliyeukumbuka kama mwaka wa balaa, ulikuwa na kiwango kinachokaribia mara nne ya mwaka mbaya kuliko yote wa Marekani.

Sasa tushuke Gusii. Mwaka 2009 Kisii ilikuwa na watu 1,152,282 na Nyamira 598,252. Jumla yao ni asilimia 4.5 ya nchi nzima. Kama vifo 543 vingegawanywa sawasawa kulingana na idadi ya watu, kaunti hizi mbili zingebeba kama 25 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya mgao tu, na haielezi waliokufa hasa. Inasaidia kuona uzito wa lile tukio la Mei 2008, lililomeza kwa mkupuo mmoja mgao wa zaidi ya miezi mitano.

Kuna kasoro ndani ya hiyo 543. Ni tarakimu moja. Humo yumo kijana aliyekamatwa na simu ya mtu sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, yumo mtu aliyehukumiwa na kikundi cha ulinzi, na yumo nyanya. Washukiwa wa wizi ndio wengi katika mauaji ya aina hii nchini, na washukiwa hao kwa kawaida ni vijana wa kiume. Kwa hiyo mtunga sera anayeitazama 543 anamwona kijana, na dawa anayoiandika ni ya kijana: ajira, taa za barabarani, doria za usiku. Dawa hizo ni njema. Lakini hakuna taa ya barabarani ambayo ingemwokoa hata mmoja kati ya wale 15, ambao hawakuuawa barabarani wala kwa wizi. Walifuatwa nyumbani kwao, na asilimia 80 yao walikuwa wanawake. Katika jumla ya nchi hawaonekani.

Robo ekari

Tuhuma ya uchawi Gusii ina historia ndefu. Mwanaanthropolojia Justus Ogembo alichapisha mwaka 2006 kitabu kizima juu ya wimbi la mauaji ya wanaodaiwa kuwa abarogi, yaani wachawi, lililolikumba eneo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Imani hiyo hatuikuti Gusii peke yake. Kule Kilifi wazee huuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, na nchini Tanzania Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba watu wapatao 3,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi kati ya 2005 na 2011. Lakini imani ipo kila siku na mauaji hayatokei kila siku, kwa hiyo imani peke yake haitoshi kueleza kwa nini mwaka huu, kijiji hiki, boma hili.

Naomba tutazame ardhi. Sensa ya 2019 iliikuta Kisii na watu 1,266,860 katika kilomita za mraba 1,323, yaani watu 958 kwa kila kilomita ya mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576 katika kilomita 897, yaani 675. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Geuza tarakimu hizo ziwe ekari, kwa kuwa ekari ndiyo lugha ya nyumbani. Mkisii mmoja anapata robo ekari, na humo zimo barabara, shule, makanisa, mito na mji wa Kisii wenyewe. Mtu wa Nyamira anapata kama theluthi moja na kidogo. Mkenya wa wastani anapata ekari 3. Kiwanja cha mpira wa miguu kina ekari 1 na robo tatu, kwa hiyo ndani yake wangegawiwa Wakisii 7.

Katika boma la namna hiyo, mjane wa miaka 85 anakalia kipande ambacho wana watatu na wajukuu tisa wanakihesabu kila asubuhi. Simaanishi kwamba kila tuhuma ya uchawi ni njama ya shamba. Kuna wanaoamini kwa dhati, na kuna ugonjwa wa kusahau wa uzeeni unaomfanya bibi atangatange usiku bila kujua alipo, majirani wakasema anakimbia usiku kama mchawi. Lakini panapokuwa na robo ekari kwa mtu, kila tuhuma ina mtu inayemnufaisha, hata kama si yeye aliyeianzisha.

Na hapa umati unafanya kazi ambayo sungusungu hawawezi kuifanya. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 96, inamnyima urithi mtu aliyemwua mwenye mali. Mwana akimwua mama yake kwa panga, anapoteza shamba pamoja na uhuru wake. Umati ukimwua mama huyo kwa jina la uchawi, kila mtu ameua na hakuna aliyeua, na shamba linagawanywa baada ya matanga. Watu mia wakimzunguka mtu mmoja, mia hao huwa ukuta wa kumficha yule mmoja mwenye faida.

Hesabu ya kijiji haiishii kwenye shamba. Tangu 2018 serikali humlipa Mkenya yeyote aliyetimiza miaka 70, akiandikishwa, posho ya Inua Jamii ya Sh2,000 kwa mwezi. Ni Sh24,000 kwa mwaka, na posho ya namna hii bibi huipeleka kwenye sukari, dawa ya presha na kalamu za wajukuu anaowalea. Naisema kwa uchungu kwa kuwa nimezoea kusikia mzee akiitwa mzigo. Katika maboma mengi ya Gusii pesa ya uhakika kuliko zote ni hiyo ya mzee.

Faini mbili

Sheria imelitazama jambo hili kwa macho mawili yasiyolingana, na hapa ndipo tarakimu zinapozungumza zenyewe.

Mwaka 2010 Kenya ilitunga Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa, na Oktoba mwaka huo serikali ikapiga marufuku vikundi 33. Katika orodha hiyo lilikuwemo kundi la Mungiki, na pia Chinkororo na Sungusungu wa huku kwetu. Anayeshiriki uhalifu wa vikundi hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5,000,000, au kufungwa hadi miaka 15, au vyote viwili. Mtu akifa, ni kifungo cha maisha.

Upande wa pili iko Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya mwaka 1925. Wengi wanaijua kwa sababu inawaadhibu wanaojidai kuroga. Wachache wanakijua kifungu cha 6. Kifungu hicho kinasema kwamba anayemtuhumu mtu mwingine kuwa mchawi, au kutishia kumtuhumu, ametenda kosa, isipokuwa kama amepeleka shauri lake kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi Sh500.

Shilingi mia tano. Mwaka 1925 zilikuwa mali. Kwa bei ya pampu ya 2025 hazifikii lita 3 za petroli.

Faini ya sungusungu ni mara 10,000 ya faini ya mtu anayesimama sokoni na kumtaja jirani yake kuwa mrogi. Naelewa sababu zake: sheria ya 2010 ilizaliwa kwa hofu ya makundi yenye silaha, na ile ya 1925 ilitungwa na wakoloni waliotaka utulivu kwa bei nafuu. Lakini matokeo ni kwamba dola limeweka uzito wake wote juu ya kikundi chenye orodha, na limeweka nauli ya matatu juu ya neno ambalo Mei 2008 liliteketeza watu 11.

Mtu akishakufa, sheria hazitofautiani. Kuua ni kuua chini ya vifungu vya 203 na 204 vya Kanuni ya Adhabu, adhabu yake ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 14, 2017, jaji halazimiki tena kutoa adhabu hiyo moja tu. Kifungu cha 21 kinasema watu walioungana kwa nia moja ya uhalifu kila mmoja huhesabiwa kuwa ametenda kile kilichotokea. Kwenye karatasi, kiberiti kimoja kinaweza kupeleka watu 100 kizimbani.

Mahakamani mambo ni mengine. Lazima kila mmoja wa hao 100 atambuliwe na shahidi aliyemwona, akasema jina lake, akasema alishika nini. Shahidi huyo ni binamu, ni jirani wa mpaka wa shamba, ni mwenzake wa kwaya. Kenya ina Wakala wa Kulinda Mashahidi, lakini haiwezekani kukihamisha kijiji kizima. Tufanye hesabu ya mfano: mashahidi 10, kila mmoja aitwe mahakamani mara 6 kwa sababu ya kuahirishwa, nauli na chai Sh400 kwa siku. Ni Sh24,000, sawasawa na posho ya mwaka ya mzee mmoja, na hakuna hata siku moja ya kibarua iliyopotea iliyohesabiwa humo. Baada ya mara ya tatu wengi huacha kwenda.

Kesi ya sungusungu ina mlango mwingine, na huo ni pesa. Chukua mfano wa kaya 300 zinazochanga Sh100 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh360,000, kabla ya faini wanazotozwa washukiwa na kabla ya ada ya kumrudishia mtu mali yake. Pesa hizo zinashikwa na mtu, siku hizi zinapita kwenye simu, na simu inaacha alama. Mpelelezi akikosa aliyeshika panga anaweza kumpata aliyelipa ujira wa usiku ule. Kikundi kinachoishi kwa michango kinaweza kukatiwa michango, na wanachama wake wanaweza kupewa njia halali ya kufanya kile kizuri walichoanza nacho. Nyumba Kumi, mpango ulioletwa nchini mwaka 2013 kwa mfano wa Tanzania, ulikusudiwa kuwa njia ya namna hiyo. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Taratibu za Jinai kinamruhusu raia kumkamata anayemwona akitenda kosa kubwa, na cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Katiba, ibara ya 49, inadai aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sungusungu wakisimama kwenye mstari huo ni walinzi. Wakiuvuka ni wauaji, na mahali wanapouvuka panaonekana kwa macho.

Umati hauna mlango huo. Hakuna pa kukata michango, hakuna kiongozi wa kumwita kwa mazungumzo. Una kitu kimoja tu kinachoweza kushikwa, nacho ni saa zilizopo kati ya tuhuma na moto.

Saa hizo zilikuwepo Mei 2008. Daftari liliokotwa, likasomwa, likajadiliwa, majina yakatajwa, ndipo vijana wakakusanyika. Na kwa saa zote hizo kosa la kifungu cha 6 lilikuwa tayari limetendeka mbele ya watu, kabla ya mtu yeyote kuguswa. Kulizuia hakuhitaji kikosi maalumu kutoka Nairobi. Kunahitaji chifu au mzee wa kijiji aliyesikia neno hilo, ajue kwamba ni jinai, na awe na namna ya kumfikia mkuu wa kituo cha polisi haraka, na bibi ahamishwe usiku ule kabla ya maswali mengine yoyote.

Mzee wa kijiji ndiye wa kwanza kujua, na kwa miaka mingi amefanya kazi bila mshahara. Tuseme Kisii na Nyamira ziwe na wazee 1,000 wa kutumwa kazi hii, kila mmoja apewe Sh500 kwa mwezi za simu na bodaboda. Ni Sh6,000,000 kwa mwaka. Kwa watu 1,872,436 wa kaunti hizo mbili, ni Sh3 na senti 20 kwa kila mtu. Bei hiyo haizidi sana faini ya mwanachama mmoja wa kikundi haramu. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 nayo ilianzisha hazina ya kuwasaidia walioumizwa na uhalifu, lakini hazina huja baada ya maziko, na shilingi inayofanya kazi kabla ya moto ni bora kuliko elfu inayokuja baada yake.

Ndiyo maana nadai hesabu mbili. Katika kitabu cha matukio cha kituo, kifo cha mikono ya kikundi kinachojulikana kiandikwe peke yake, pamoja na jina la kikundi. Kifo cha umati kiandikwe peke yake, pamoja na tuhuma iliyotajwa, jinsia na umri wa aliyeuawa, na saa neno la kwanza lilipotamkwa. Tuskegee walifanya hivyo kwa kalamu na magazeti ya zamani, mwaka baada ya mwaka, na ni orodha za namna hiyo zilizowapa wabunge wa Marekani cha kushindana nacho hadi sheria ya taifa dhidi ya mauaji ya umati ikatiwa saini Machi 29, 2022, karne nzima na zaidi baada ya 1892.

Sisi sheria tunayo muda mrefu. Kifungu cha 6 kilianza kutumika Novemba 1925. Yule mkongwe wa miaka 96 aliyechomwa Kisii mwaka 2008 alikuwa wakati huo mtoto wa miaka 13 hivi, na wale wa miaka 80 walikuwa hawajazaliwa. Kwa hao wa miaka 80 kifungu kilikuwepo maisha yao yote, na siku daftari lilipookotwa kilikuwa na umri wa miaka 82.